Kushuka Tanner mwezi wa Agosti: jibu kwa mwalimu wa Kasarani

Swali: "Mimi ni mwalimu hapa Kasarani. Mimi na wenzangu wawili tumepanda Longonot, Elephant Hill na mwaka jana tukafika Point Lenana. Dada yangu anaishi Phoenix, Arizona, na ametualika likizo ya Agosti. Tunataka kushuka korongo la Grand Canyon kwa njia ya Tanner, tufuate mto kwa njia ya Escalante, halafu tutokee kwa njia ya New Hance. Siku nne, hema mgongoni, bila kiongozi. Tukiwa na mazoezi ya mlima Kenya, tunahitaji kujiandaa na nini zaidi?"

Mwalimu, pongezi kwa Lenana. Miguu mnayo, na hamwogopi baridi wala usiku wa porini. Ila nianze na mwezi, maana huo ndio utakaoamua mengine yote: msiende Agosti.

Ukingo wa kusini wa Grand Canyon uko juu, kiasi cha mita 2,100 hadi 2,200 kutoka usawa wa bahari, na mtu wa Nairobi akisimama pale Agosti ataona hali ya hewa ni ya kawaida tu. Kule chini mtoni ni nchi nyingine. Mahali njia ya Tanner inapoishia, mto Colorado uko kwenye mita 800 hivi, na kila unavyoshuka joto linapanda. Mwezi wa Agosti sehemu ya chini hupita nyuzi 38 za Selsiasi mchana kama jambo la kawaida, na siku mbaya hupita 43. Miamba hunywa jua kutwa na kulirudisha usiku, kwa hiyo hata kulala ni shida. Askari wa hifadhi ile huwasihi watu wasiwe njiani kati ya saa nne asubuhi na saa kumi alasiri wakati wa kiangazi chao. Sasa Tanner ni kilomita 14 na nusu za kushuka, kivuli ni cha kutafuta kwa tochi, na hakuna maji mpaka ufike mtoni. Huwezi kuitembea yote na begi zito na bado ukwepe saa hizo sita.

Halafu kuna mvua. Kuanzia katikati ya Julai hadi Septemba Arizona hupata mvua za radi za alasiri, na korongo halihitaji kunyeshewa wewe ulipo ndipo lilete maji. Tarehe 12 Agosti 1997 watu 11 walisombwa katika Antelope Canyon, kaskazini mwa jimbo hilohilo, na mvua yenyewe ilikuwa imenyesha mbali na pale waliposimama. Hili si geni kwetu. Septemba 2019 watu saba walisombwa na mafuriko wakafa katika korongo la Hell's Gate, pale Naivasha, tunapopeleka watoto wa shule kila muhula. Njia mliyochagua inapita katika makorongo madogo yanayoingia mtoni, na moja lake, Seventyfive Mile Creek, ni ufa mwembamba wenye kuta za mwamba pande zote mbili. Sitamshauri mtu yeyote apite mle msimu wa mvua za radi.

Habari njema ni kwamba kalenda ya shule za Kenya inakupa wakati bora kuliko Agosti. Likizo ya Aprili inaangukia katika mwezi mzuri kabisa wa kushuka kule: chini mtoni mchana ni wastani wa nyuzi 28, usiku 13 hivi, na ukingoni usiku hugusa sifuri. Mwisho wa mwaka pia panafaa, Novemba hasa, ila siku ni fupi na jua huzama mapema kuliko tulivyozoea sisi wa ikweta, na tena walimu wengi wamefungwa na mitihani. Chagueni Aprili. Mwambie dada akusubiri, atakuelewa.

Sasa njia yenyewe. Wewe umepanga kushukia Tanner na kutokea New Hance, na kwenye ramani ni mzunguko wa kupendeza. Mimi ningeukata. Sababu zangu zinatokana na jambo moja ambalo milima yetu haitufundishi: ukipanda Longonot au Lenana, kazi ngumu unaifanya asubuhi ukiwa na nguvu, na ukizidiwa unageuka, unateremka nyumbani. Korongo limepinduliwa. Kushuka ni rahisi, kunakudanganya, na kila hatua unayopiga ni deni la kupanda. Siku ngumu kuliko zote ni ya mwisho, ukiwa na magoti yaliyochoka, chakula kidogo, na jua kichwani. Hakuna kugeuka. Kwa hiyo safari ya korongo hupangwa kuanzia mwisho: uliza kwanza mtapandaje siku ya kutoka, na maji ya kupandia yatatoka wapi. Ukishajibu hayo, siku nyingine zitajipanga zenyewe.

Jibu maswali hayo kwa mpango wako. New Hance ni fupi kuliko Tanner, lakini haitunzwi, mawe yamelegea, sehemu nyingine njia hupotea kabisa, na wanaoijua huihesabu kuwa miongoni mwa njia ngumu kuliko zote za ukingo wa kusini. Maji ya kutegemea hakuna ukishauacha mto. Mtakuwa mnaipanda siku ya nne, hamjawahi kuiona, mkiwa na maji yote mgongoni. Kabla ya hapo, kwenye Escalante, mtakuwa mmepanda ukuta wa mwamba wa Papago, mita tisa hivi za kutumia mikono, mabegi yakivutwa kwa kamba, kisha mkateremka mfereji wa mawe yanayoporomoka upande wa pili. Ni sehemu ambayo watu wazoefu huifurahia. Kwa kundi ambalo halijawahi kulala ndani ya Grand Canyon hata usiku mmoja, ni mahali pabaya pa kugundua kwamba mmoja wenu anaogopa kimo.

Hifadhi yenyewe huwashauri wageni waanze na njia kuu zinazotunzwa: kushuka South Kaibab na kupanda Bright Angel, ambayo ina vituo vya maji. Huo ni ushauri mzuri na mkiufuata sitasema neno. Lakini nasoma swali lako naona mnataka upweke na jangwa, hamtaki foleni ya watu. Basi mkitaka Tanner, shukeni Tanner na mrudi kwa Tanner hiyohiyo, siku nne, usiku tatu, mwezi wa Aprili. Kurudi ulikotoka si unyonge. Kunakuwezesha kufanya kitu ambacho mzunguko unakunyima: kuacha maji njiani.

Nieleze hilo kwa urefu maana ndilo moyo wa mpango. Kutoka Lipan Point, ambako njia inaanzia, mtateremka kwa ukali karibu mita 500 katika kilomita chache tu, hadi mahali pa tambarare kama tandiko la farasi, panaitwa Seventyfive Mile Saddle. Hapo kila mtu ashushe begi na atoe chupa ya lita mbili. Iandikeni jina na tarehe mtakayoichukua, iwekeni kivulini nyuma ya jiwe ambalo wote watatu mmeliona na kulipiga picha, na msiweke chakula karibu nayo, maana panya na kunguru wa kule hutoboa chochote chenye harufu. Tumieni chupa ngumu, si ile ya dukani inayobonyea. Kisha endeleeni. Njia inazunguka chini ya vilima viwili, Escalante na Cardenas, kilomita kama tano za kutembea bila kupanda wala kushuka sana, na hapo ndipo watu huanza kuamini kwamba Tanner ni rahisi. Baada ya hapo inafika ukingo wa jabali jekundu la chokaa liitwalo Redwall, na inaanguka. Chini ya Redwall ni miteremko ya udongo mwekundu usio na mti wa kuegemea mpaka ufukweni.

Siku ya kwanza shukeni hadi mtoni. Anzeni alfajiri, kila mtu na lita nne za kunywa mbali na hizo mbili za kuacha. Siku ya pili pumzikeni au tembeeni kandokando ya mto bila mizigo, muonje mwanzo wa Escalante. Siku ya tatu ondokeni gizani, saa kumi na moja alfajiri, na lita tano hadi sita kila mtu, mmalize Redwall kabla jua halijawa kali, mpumzike kivulini, na jioni mfike kule kwenye tandiko mlikoacha maji. Laleni hapo. Hakuna chemchemi, lakini chupa zenu zinawasubiri. Siku ya nne inabaki ile ngazi ya juu peke yake, mnaipanda asubuhi na baridi. Hesabuni kwamba kupanda huchukua muda maradufu ya kushuka, na kibali chenu kionyeshe mapema kwamba usiku wa tatu mtalala juu, si ufukweni.

Maji ya mto Colorado yana mambo yake. Kuna siku ni ya kijani na safi, na kuna siku, baada ya mvua mahali fulani juu, yanakuja mekundu kama chai ya maziwa iliyozidi majani. Maji hayo huziba chujio mara moja. Bebeni ndoo ya kukunja ya lita kumi na kipande cha shabu. Ndiyo, shabu hiihii ya dukani ambayo kinyozi anapaka baada ya wembe. Jaza ndoo jioni, koroga na unga mdogo wa shabu uliosagwa, nusu kijiko cha chai kinatosha na kuzidi, acha ndoo itulie. Utaona matope yanashikana kama mtindi na kuzama. Asubuhi chota ya juu taratibu bila kutibua, pitisha kwenye chujio au tia dawa ya maji. Nani wa kwetu hajaona bibi akifanya hivyo na maji ya mto? Na mto huo msiuogelee. Maji yanatoka chini ya bwawa la Glen Canyon, ni ya baridi kali na mkondo una nguvu. Bwawa hilohilo hufunguliwa zaidi na kupunguzwa kufuatana na mahitaji ya umeme, kwa hiyo mto hupanda na kushuka bila tone la mvua. Hema likae juu ya alama ya maji kwenye mchanga, na viatu visiachwe ukingoni usiku.

Kunywa peke yake hakutoshi. Kila mwaka kuna watu wanaozidiwa kule chini wakiwa na matumbo yaliyojaa maji, kwa sababu wametoa jasho lenye chumvi kutwa na kurudisha maji matupu. Kichwa kinauma, mtu anatapika, anachanganyikiwa, na mwenzake anamwongeza maji. Ni hatari sawasawa na kiu. Kunywa nusu lita hadi lita kwa saa unapotembea, na kila unapokunywa, kula: njugu za chumvi, krispi, biskuti, chochote chenye chumvi na wanga. Pakiti chache za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, kutoka chemisti yoyote ya mtaani zina kazi kubwa kuliko vinywaji vya rangi vinavyouzwa kwa wanariadha. Mkiwa mtoni, lowesha shati na kofia. Shati la pamba lenye mikono mirefu, ambalo mlimani tunalikataza, jangwani ni rafiki kwa sababu linakauka polepole.

Chakula msikibebe kutoka Nairobi. Nyirinyiri na nyama kavu ya aina yoyote itachukuliwa uwanja wa ndege, Marekani hawaruhusu nyama kutoka kwetu, na usipoitaja kwenye fomu unaweza kutozwa faini. Mtungi wa gesi hauruhusiwi ndege yoyote. Nunueni Phoenix au Flagstaff. Moto wa kuni umekatazwa kote ndani ya korongo, kwa hiyo jiko la gesi dogo ni lazima, na vyakula vya kuiva haraka. Ugali porini ni raha, lakini unakula gesi na sufuria yake inataka maji ya kuoshea.

Viatu. Najua wengi wetu tunapata mabuti mazuri Gikomba au Toi, na sina neno na mitumba, hata mimi ninayo. Ila mabuti yaliyokaa miaka ghalani huwa yanaoza kwenye soli bila kuonyesha. Ile sponji ya katikati inageuka kama keki kavu, na siku moja ya mwinuko soli yote inabaki njiani. Bonyeza soli kwa kidole gumba pale inapokutana na ngozi. Ukiona nyufa nyembamba au unga unadondoka, yaache. Yakipita mtihani huo, yavae angalau kwenye matembezi mawili ya kutwa na mzigo kabla ya kusafiri. Kata kucha za miguu fupi siku mbili kabla ya kushuka, la sivyo mtarudi bila kucha za vidole gumba. Fimbo mbili za kutembelea kwa kila mtu si anasa kwenye mteremko wa mita 1,400.

Mazoezi basi. Longonot inajenga mapafu, lakini inawafundisha mpangilio usio wenu. Tafuteni mahali pa kushuka kwanza. Menengai, pale Nakuru, ni karibu: mnaanza ukingoni, mnateremka ndani, mnapanda kurudi. Bora kuliko yote ni Elgeyo. Iten iko mita 2,400, na chini yake ukuta unateremka zaidi ya mita 1,000 hadi Bonde la Kerio, ambako Januari hadi Machi jua huchoma kwelikweli. Shukeni alfajiri mkiwa na mabegi ya kilo 15, mle chini mchana, mpande alasiri. Tafuteni kijana wa pale awaonyeshe vijia vya watu na mbuzi, na mwulize hali ya usalama kabla ya kwenda, maana sehemu za kaskazini za bonde zimekuwa na shida ya wizi wa mifugo. Mkifanya hivyo mara kadhaa mtajuana: nani hunywa kidogo mno, nani hukaza mwendo asubuhi na kuishiwa saa saba, nani hasemi akiumia. Huyo wa mwisho ndiye wa kuangaliwa zaidi. Wikendi moja nendeni pia upande wa Magadi mkae na joto lenyewe, muone mwili unavyobadilika mkiwa na hamu ya kula ndogo na maji ya uvuguvugu.

Kibali cha kulala porini kinatafutwa mtandaoni kupitia Recreation.gov, na kwa kuwa wanaotaka ni wengi, hugawanywa kwanza kwa bahati nasibu, takriban miezi minne na nusu kabla. Kwa safari ya Aprili, dirisha hufunguka katikati ya Novemba na kufungwa mwanzoni mwa Desemba. Wekeni tarehe kadhaa badala ya moja, na kundi la watu watatu ni faida kwa sababu linaingia katika makundi madogo. Viza ni habari nyingine, na foleni ya ubalozi pale Gigiri haijali bahati nasibu ya mtu, kwa hiyo anzeni nayo kabla ya kila kitu, na msilipie tiketi isiyorudishwa kabla ya vyote viwili kupatikana. Bima ya afya ya safari iwe inayotaja matembezi ya porini. Wiki moja kabla ya kushuka someni matangazo ya hifadhi, kwa sababu hali hubadilika: bomba la maji la njia kuu hupasuka, na Julai 2025 moto uliunguza loji ya ukingo wa kaskazini na njia zikafungwa.

Kuhusu choo, kwa kuwa huulizwa kwa aibu na ni muhimu. Kubwa huchimbiwa shimo la sentimita 15, hatua nyingi kutoka majini, si chini ya mita 60, na karatasi hurudi nanyi kwenye mfuko. Ndogo, ufukweni Colorado, hufanywa mtoni au kwenye mchanga ulioloa. Itawashangaza, sisi tumefundishwa kinyume, lakini mto ule ni mkubwa na fukwe ni chache na kavu, na mkojo ukibaki mchangani ufukwe mzima hunuka. Viatu vikung'utwe kila asubuhi, nge wako. Nyoka mwenye manyanga mkiani hana haja nanyi, msiweke mkono mahali ambapo jicho halijafika.

Simu haishiki chini. Kodisheni kifaa cha kutuma ujumbe kwa setilaiti, na abebe yule mtulivu kuliko wote, si yule mwenye nguvu. Dada yako ni sehemu ya timu hata asipoingia korongoni. Mpe karatasi yenye njia, sehemu za kulala, rangi za mahema, gari mliloacha Lipan Point, na namba ya dharura ya hifadhi. Kubalianeni saa moja tu. Mkitarajia kutoka saa tano asubuhi siku ya nne, mwambieni asubiri mpaka saa kumi na mbili jioni ya Arizona, na asipowasikia apige simu hifadhini bila kungoja kesho na bila kuwapigia kwanza watu wa nyumbani. Kwetu itakuwa saa kumi usiku, tofauti ni saa kumi kamili mwaka mzima kwa kuwa Arizona haibadilishi saa, na mama aliyeamshwa Kasarani usiku huo hawezi kutuma helikopta.